Matangazo yanayoruka kwenye kompyuta ya nyumbani, na intaneti inayokufa ukiyaondoa

Mteja mmoja alitupigia Jumatatu asubuhi akiwa amekasirika. Anauza sare za shule akiwa nyumbani kwake Rongai, na malipo yake karibu yote huingia kwa Till. Kwa wiki nzima, kila akifungua laptopu kupanga oda, kulikuwa na kijisanduku kinajitokeza kwenye kona ya chini, mkono wa kulia. Kilisema akaunti yake ya pesa imesimamishwa, abonyeze hapo aingize PIN ndipo ifunguliwe.

"Mbona mnanitumia hivi vitu kila dakika tano?" akatuuliza.

Hatukuwa tumemtumia kitu. Akaunti yake ilikuwa sawa kabisa. Tulipomwambia hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba Jumamosi usiku nusura aingize ile PIN, kwa sababu kulikuwa na mzazi anasubiri kulipa na yeye aliogopa pesa isiingie. Kilichomwokoa ni stima kupotea.

Siku tatu baadaye alipiga tena. Alikuwa amepata fundi, na matangazo yalikuwa yameisha, lakini sasa laptopu haifungui ukurasa wowote. Simu yake, kwenye Wi-Fi ile ile, inafanya kazi vizuri tu. Fundi alikuwa amemshauri anunue kifaa kipya cha Wi-Fi, na kikishindwa basi ajipange kwa laptopu nyingine. Hakuhitaji kununua chochote. Kulikuwa na swichi moja kwenye mipangilio ya Windows ambayo hakuna mtu alikuwa ameigusa, na kuizima kulichukua muda mfupi kuliko ule tulioutumia kumweleza iko wapi.

Tumeandika somo hili kwa sababu wateja wengi huona matangazo kama kero ndogo ya kuvumilia, na intaneti iliyokwama kama kazi ya fundi. Mara nyingi hizo mbili ni shida moja, na inayowindwa ni pesa iliyo kwenye simu yako.

Maelezo yetu yanahusu Windows 10 na Windows 11, ambazo ndizo ziko kwenye kompyuta nyingi za nyumbani, pamoja na zile mashine za ex-UK. Majina ya vitufe tumeyaacha vile unavyoyaona kwenye skrini ili usipotee.

Kwanza jua tangazo linatoka wapi

Kuna tangazo ambalo ni sehemu ya ukurasa wenyewe. Ukisoma habari kwenye tovuti ya gazeti, tangazo liko pembeni, ukifunga ukurasa linaenda nao. Hilo halina shida kubwa. Linakula bando, linachelewesha ukurasa, lakini pia ndilo linalolipa mshahara wa mwandishi wa hiyo habari.

Kuna lile linalokufuata hata ukiwa umefunga tovuti zote na unaandika barua yako kwenye Word. Hilo halitoki kwenye ukurasa. Ama ni arifa ambayo uliiruhusu wewe mwenyewe bila kujua, ama kuna programu ndani ya kompyuta inayoyaleta.

Ukitaka kujua ni ipi, soma maandishi madogo kwenye kile kijisanduku kabla hakijapotea. Arifa huwa na jina la kivinjari, kwa mfano Google Chrome au Microsoft Edge, pamoja na anwani ya tovuti iliyoituma. Ukiona jina la kivinjari hapo, shukuru, kwa sababu kazi yako ni ya dakika mbili. Usipoliona, na matangazo yanatokea hata juu ya tovuti ambazo kwa kawaida hazina matangazo, kama ukurasa wa mbele wa Google, basi kuna programu au kiendelezi kimejificha.

Arifa: mlango tuliofungua wenyewe

Yule mama wa Rongai alikuwa na hizi. Kijana wake alikuwa ametafuta mahali pa kutazama mechi bure. Ukurasa ukamwambia abonyeze "Allow" kuthibitisha kwamba yeye si roboti. Akabonyeza. Kuanzia hapo, ile tovuti ilikuwa na ruhusa halali ya kutuma kijisanduku kwenye skrini wakati wowote, na iliitumia kutuma chochote: leo bahati nasibu, kesho "kompyuta yako ina virusi 5", kesho kutwa "akaunti yako imesimamishwa". Antivairasi haikuona kitu kwa sababu hakukuwa na kirusi cha kuona, ni ruhusa tu iliyotumiwa vibaya.

Kitufe cha "Allow" kwenye kijisanduku cha kivinjari hakina uhusiano wowote na kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu. Tovuti inayokwambia hivyo inakudanganya, ifunge.

Kuiondoa ruhusa, fungua Chrome na uandike juu, mahali pa anwani, chrome://settings/content/notifications kisha ubonyeze Enter. Ukitumia Edge, andika edge://settings/content/notifications. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Usishangae ukikuta ishirini. Kila ambayo huijui, bonyeza vidoti vitatu vilivyo kando yake na uchague "Block". Ukiwa kwenye ukurasa huo huo wa Chrome, chagua pia "Don't allow sites to send notifications", ili usiulizwe tena. Kwenye Firefox nenda "Settings", kisha "Privacy & Security", ushuke hadi "Permissions", na mbele ya "Notifications" ubonyeze "Settings".

Kuna watu watasema wanahitaji arifa za Gmail au za WhatsApp. Sawa, hizo ziache. Sisi kwa maoni yetu tunaona kompyuta ya nyumbani haihitaji zaidi ya mbili au tatu.

Ikiwa ni programu au kiendelezi

Hapa pana kazi kidogo. Programu za namna hii huingia zikiwa zimebebwa na kitu kingine: kifungua PDF cha bure, gemu iliyovunjwa kufuli, kipakuzi cha video za YouTube, au Windows ya bei nafuu uliyowekewa na mtu kwa flashi. Mtu anabonyeza "Next, Next, Next" bila kusoma, na katikati ya hizo "Next" kuna alama ya tiki inayosema amekubali kuongezewa programu nyingine mbili.

Anza na viendelezi. Andika chrome://extensions kwenye Chrome, au edge://extensions kwenye Edge. Ondoa kila ambacho hukumbuki kukiweka. Kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma tovuti zote kinaweza kuona unachoandika kwenye ukurasa wa benki, kwa hivyo usikionee huruma eti kwa sababu kina picha nzuri. Ukiona maandishi "Managed by your organization" kwenye menyu ya Chrome na hiyo ni kompyuta yako binafsi, si ya ofisi, jiulize hiyo taasisi ni gani. Wakati mwingine ni antivairasi halali iliyoweka sheria zake. Wakati mwingine ni programu ya matangazo iliyojipa cheo ili usiweze kuifukuza.

Halafu nenda kwenye "Settings" ya Windows, "Apps", kisha "Installed apps" kwa Windows 11 au "Apps & features" kwa Windows 10. Panga orodha kwa tarehe ya kuwekwa. Kumbuka matangazo yalianza lini, uangalie ni nini kiliingia siku hizo. Njia hii ya tarehe hutusaidia sana tukiwa kwa simu na mteja, kwa sababu majina ya hizi programu hubadilika kila leo lakini tarehe haidanganyi.

Baada ya hapo fungua "Windows Security", "Virus & threat protection", "Scan options", uchague "Full scan". Inachukua muda, iache usiku. Ukiwa hapo ndani, ingia pia "App & browser control", halafu "Reputation-based protection", uwashe "Potentially unwanted app blocking". Hiyo ndiyo inayozuia programu ambazo si virusi kamili lakini ni wasumbufu. Ukitaka msaada wa ziada kuna AdwCleaner ya kampuni ya Malwarebytes, ni ya bure na imetengenezwa kwa kazi hii hasa. Ipakue kwenye tovuti yao wenyewe, malwarebytes.com. Usiitafute kwa Google ukabonyeza tokeo la kwanza, kwa sababu tokeo la kwanza mara nyingi ni tangazo, na tangazo ndilo tunalolikimbia.

Sasa kuzuia yaliyobaki

Kwa matangazo ya kawaida yaliyo ndani ya tovuti, kuna viendelezi vya kuyazuia. Kinachosifiwa zaidi ni uBlock Origin, cha bure na kisicho na matangazo yake mwenyewe. Kwenye Firefox kinafanya kazi kikamilifu. Kwenye Chrome, Google ilibadilisha kanuni za viendelezi na toleo hilo kamili halikubaliwi tena, kwa hivyo huko tumia uBlock Origin Lite, toleo jepesi la mtengenezaji huyo huyo. Neno "Origin" ni muhimu. Kuna kingine kinachoitwa uBlock tu, na hicho si cha watu hao.

Kwa nini tunakazania jina? Mwaka 2018 kampuni ya AdGuard ilifichua viendelezi vitano bandia vya kuzuia matangazo vilivyokuwa ndani ya duka la Chrome lenyewe, vikiwa vimewekwa na watu zaidi ya milioni 20. Vilinakili kazi ya wengine, vikaongeza msimbo wao wa siri wa kumfuatilia mtumiaji. Watu walikuwa wakitafuta kinga na wakabeba ugonjwa.

Na jambo moja la pesa hapa. Kizuia matangazo wakati mwingine huzuia dirisha la malipo, kwa sababu malipo nayo hufunguliwa kama dirisha dogo kutoka tovuti nyingine. Unabonyeza "Lipa", hakuna kinachotokea, unabonyeza tena, na tena. Kabla ya kubonyeza mara ya pili, angalia simu yako. Kama ombi lilikuja ukaweka PIN, subiri SMS. Kama halikuja, zima kizuizi kwa tovuti hiyo pekee, upakie ukurasa upya, ujaribu tena. Kulipa mara mbili kisha kuomba pesa irudishwe ni safari ndefu kuliko kungoja dakika moja.

Kwa nini intaneti hufa baada ya usafi

Sasa tufike kwenye ile swichi ya Rongai.

Programu nyingi za matangazo haziridhiki kukaa kwenye kivinjari. Zinajiweka katikati ya kompyuta yako na intaneti. Zinabadilisha mpangilio unaoitwa proksi, ili kila ukurasa unaoomba upitie kwao kwanza, waupachike matangazo, kisha wakupe. Fikiria umezoea kumtuma mtoto kwa ajenti mmoja tu mtaani. Siku ajenti huyo akifunga kibanda akahama, mtoto ataendelea kwenda pale pale, akute kufuli, arudi mikono mitupu. Pesa ipo, maajenti wengine wapo, lakini maagizo aliyopewa ni yale ya zamani.

Ndivyo inavyokuwa fundi akifuta programu bila kurudisha mpangilio. Kompyuta inaendelea kupeleka kila ombi kwa ajenti ambaye hayupo. Alama ya Wi-Fi imejaa, inasema "Connected", na hakuna kinachofunguka.

Njia nyingine wanayotumia ni kubadilisha DNS. Hii ni kama majina uliyohifadhi kwenye simu. Unagusa "Mama", simu inapiga nambari, wewe hata huikumbuki hiyo nambari. Kompyuta nayo ukiandika jina la tovuti, inauliza DNS jina hilo lina nambari gani. Sasa fikiria mtu ameingia kwenye simu yako, ameacha jina "Mama" lakini amebadilisha nambari iliyo chini yake. Utatuma pesa ukiwa na uhakika kabisa kwamba umemtumia mama yako.

Hili lilitokea kwa ukubwa ambao ni vigumu kuuamini. Genge lililokuwa na makao yake Estonia lilisambaza programu iliyoitwa DNSChanger, ikabadilisha DNS kwenye kompyuta zaidi ya milioni 4 katika nchi zaidi ya 100. Mtu akibonyeza tovuti moja anapelekwa nyingine, au anaonyeshwa matangazo yao mahali pa matangazo halisi. FBI wanasema waliingiza angalau dola milioni 14. Mnamo Novemba 2011 watu sita walikamatwa Estonia, na hapo ikaonekana shida mpya: seva za wahalifu zikizimwa, mamilioni ya watu wasio na hatia watapoteza intaneti asubuhi moja. Mahakama ya Marekani ikaamuru seva safi ziwekwe mahali pa zile chafu, ili watu wapate muda wa kurekebisha kompyuta zao. Zilizimwa tarehe 9 Julai 2012. Ambao walikuwa hawajarekebisha hadi siku hiyo waliamka wakakuta tovuti hazifunguki, na bila shaka wengi wao waliilaumu kampuni ya intaneti.

Kurekebisha, kwa mpangilio huu

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, washa simu yako kwenye Wi-Fi ile ile, uzime data ya simu, ufungue tovuti yoyote. Ikikataa kwenye simu pia, shida si ya kompyuta. Angalia kama bando au malipo ya mwezi yameisha, zima rauta, hesabu nusu dakika, iwashe. Wengi huishia hapo na tunafurahi nao.

Ikifunguka kwenye simu lakini si kwenye kompyuta, nenda "Settings", "Network & internet", "Proxy". Hakikisha "Use a proxy server" imezimwa, na "Use setup script" pia imezimwa. "Automatically detect settings" iache ikiwa imewashwa. Ukikuta anwani 127.0.0.1 imeandikwa pale kwenye proksi, hiyo ina maana kompyuta ilikuwa inajituma kwa programu iliyo ndani yake yenyewe. Ndiyo tuliyoikuta kwa yule mama. Kama ni kompyuta ya kazini iliyopewa proksi na watu wa IT, usiizime kabla ya kuwauliza.

Kama swichi ikijiwasha tena baada ya kuizima, ile programu bado iko. Rudi kwenye usafi, usipigane na swichi.

Bado? Fungua menyu ya Start, andika cmd, ufungue dirisha jeusi, uandike ping 8.8.8.8 na ubonyeze Enter. Hiyo ni anwani ya Google. Ikijibu kwa mistari minne yenye muda wake, wakati tovuti zenyewe hazifunguki, basi barabara ni nzima ila majina ndiyo yameharibika, na shida ni DNS. Kwenye Windows 11 ingia "Network & internet", chagua Wi-Fi yako, fungua "Hardware properties", na mbele ya "DNS server assignment" ubonyeze "Edit" uchague "Automatic (DHCP)". Windows 10 ina njia ndefu zaidi: "Change adapter options", bonyeza Wi-Fi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, "Properties", "Internet Protocol Version 4", halafu "Obtain DNS server address automatically".

Ukitaka DNS inayokusaidia kuzuia matangazo kwa nyumba nzima, unaweza kuweka ya AdGuard, 94.140.14.14 na 94.140.15.15, kwenye kompyuta au kwenye rauta yenyewe. Ukiiweka kwenye rauta, simu na televisheni zinafaidika pia. Na ukiwa ndani ya rauta, badilisha neno la siri la kuingilia mipangilio yake. Hilo si lile la Wi-Fi unalowapa wageni. Ni lile ambalo wengi wameliacha "admin" tangu kifaa kitoke kwenye boksi, na DNSChanger ilikuwa na toleo lililoingia kwenye rauta za watu kupitia mlango huo huo.

Usisahau saa. Ni kitu kidogo lakini kwenye mashine za zamani ambazo betri ndogo ya ndani imechoka, tarehe hurudi nyuma miaka kila stima ikipotea. Tovuti salama zina vyeti vyenye tarehe, kwa hivyo kompyuta inayodhani tuko mwaka 2015 itavikataa vyote na kukuandikia "Your connection is not private". Ingia "Time & language", "Date & time", hakikisha eneo ni Nairobi, ubonyeze "Sync now". Kama saa iko sawa na onyo hilo bado linakuja kwenye ukurasa wa malipo, usilipukie mbele. Funga.

Yote yakishindikana, fungua tena ile cmd lakini safari hii uibonyeze kwa kitufe cha kulia uchague "Run as administrator". Andika netsh winsock reset, Enter. Kisha netsh int ip reset, Enter. Kisha ipconfig /flushdns, Enter. Zima kompyuta na uiwashe upya. Hatua ya mwisho kabisa ni "Network reset", iliyo ndani ya "Advanced network settings" kwa Windows 11 au chini ya "Status" kwa Windows 10. Hiyo inafuta mipangilio yote ya mtandao, pamoja na maneno ya siri ya Wi-Fi uliyohifadhi, kwa hivyo yaandike mahali kwanza.

Ikiwa ulikuwa umeshaingiza PIN

Ukilipa kwa simu kupitia kompyuta, tovuti huhitaji nambari yako ya simu tu. Ombi la PIN huja kwenye simu yenyewe, likikuonyesha kiasi na jina la anayelipwa, na hapo ndipo unaiweka. Hakuna siku sisi tutakuomba uiandike kwenye kompyuta, kwa tangazo, kwa arifa, kwa barua pepe, wala kwa "afisa" anayekupigia. Yale matangazo ya kuongezewa limit ya Fuliza ukituma ada kidogo kwanza ni ya ukoo huo huo. Kwa huduma za serikali, andika mwenyewe anwani inayoishia .go.ke, na kumbuka Paybill ya eCitizen ni 222222. Alama ya kufuli pekee isikutulize, hata tovuti za matapeli zinayo siku hizi.

Lakini wengine wanaosoma hapa tayari waliingiza, na wanaona aibu kusema. Tunawajua, tunaongea nao kila wiki, na aibu hiyo ndiyo inawapa matapeli muda. Badilisha PIN sasa hivi kwenye menyu ya simu, si kwenye kompyuta. Kama uliandika pia nambari ya kitambulisho, PIN na kitambulisho kwa pamoja vinamtosha mtu kujaribu kuchukua laini yako, kwa hivyo mweleze mtoa huduma wa laini bila kungoja. Simu ikipoteza mtandao ghafla na hujui kwa nini, azima simu ya jirani upige.

Halafu tupigie sisi. Uwe na nambari ya muamala kama kuna pesa imetoka, na saa uliyoingiza PIN hata kwa kukisia. Kabla hujafunga ule ukurasa, upige picha kwa simu yako, anwani ya juu ikionekana yote. Hiyo anwani ndiyo inayohitajika kuripoti kwa KE-CIRT, kitengo cha usalama wa mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na picha nyingi tunazotumiwa zimekata sehemu hiyo hiyo.